Makaratasi ya Mwandishi Yakiletwa Maktabani: Namna ya Kuyapanga na Kuyaorodhesha

Vitabu vya mwandishi marehemu vilivyochapishwa havimpi mkutubi shida. Vina jalada, vina mwaka, vinapewa namba na kuingia rafuni. Shida ni masanduku yanayofuata nyuma yake: miswada iliyopigwa taipu, barua za mchapishaji, daftari lenye hesabu za kahawa mbele na mashairi nyuma, picha zisizo na majina, risiti za ada, kaseti mbili tatu. Familia ya Marangu au Kibosho ikishusha mzigo wa namna hiyo kwenye maktaba ya Moshi mjini, wengi wetu tuliosomea ukutubi tunakimbilia Dewey, ule mfumo wa namba wa kupanga vitabu kwa mada: ushairi huku, historia kule, barua kwenye kona yake. Usifanye hivyo.

Kitabu hupangwa kwa mada. Makaratasi ya mtu hupangwa kwa kufuata yametoka kwa nani na huyo mtu aliyatumiaje. Wafaransa waliweka kanuni mwaka 1841 kwamba nyaraka za mwenye mmoja zisichanganywe na za mwingine, na Prusia mwaka 1881 ikaongeza kwamba mpangilio alioacha mwenyewe usivunjwe. Faida yake inaonekana kwenye mambo madogo. Tuseme barua ya mchapishaji ya kukataa riwaya imebanwa kwa pini pamoja na rasimu moja kati ya nne. Pini ile inakuambia mchapishaji alisoma rasimu ipi. Ukipeleka barua kwenye fungu la barua na rasimu kwenye fungu la rasimu, hakuna mtafiti atakayeweza kulijua hilo tena.

Kwanza: nani anakabidhi, na anakabidhi nini

Usipokee sanduku hata moja kabla hujajua mwenye mamlaka ya kulitoa. Kwa Wachagga, kimila, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi kihambani (shamba la migomba la familia), kwa hiyo mara nyingi ndiye mwenye funguo za chumba cha mzee. Funguo si mamlaka. Muulize msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na saini yake ndiyo iwe kwenye hati ya makabidhiano. Kama mirathi haijafunguliwa, pokea masanduku kwa hati ya kuhifadhi kwa muda tu, na uandike hivyo waziwazi.

Hati hiyo itenganishe mambo matatu ambayo familia nyingi huyachukulia kuwa moja. Karatasi yenyewe ni ya nani kuanzia leo? Haki ya kuchapisha kilichoandikwa ni ya nani? Nani aruhusiwe kusoma, na kuanzia lini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maktaba ikipewa mswada haijapewa hakimiliki, isipokuwa warithi wameandika hivyo. Na barua alizoandikiwa marehemu na watu wengine? Karatasi ni ya familia, lakini maneno ni ya walioyaandika, ambao hawapo kwenye kikao chenu.

Wakati mzuri wa kikao ni Desemba. Ndugu wa Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wanakuwa wamepanda mlimani kwa Krismasi, na uamuzi uliofanywa wote wakiwepo hautapingwa Machi kwa simu.

Ukienda nyumbani, usianze na fomu. Mwamkie mama mjane, kaa, kunywa chai, kisha uliza: "Mama, mzee alipenda kukaa wapi akiandika? Karatasi alizomaliza nazo alikuwa anaziweka wapi?" Majibu yake yaandikwe palepale, maana ndiyo ramani ya mkusanyo mzima. Mwulize na majina. Barua inayoishia "ndugu yako wa Lyamungo" itakuwa fumbo baada ya miaka kumi. Leo mama anajibu bila kufikiri.

Uliza pia barua alizozituma. Barua za mwandishi haziko kwake, ziko kwa aliowaandikia. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge zilisomeka na umma mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, kwa sababu aliyepokea alizitunza. Tengeneza orodha ya watu watano au sita ambao marehemu alikuwa akiwaandikia sana, uwatafute wangali hai.

Pili: piga picha kabla ya kugusa

Piga picha meza, kabati, uvungu wa kitanda na kila rafu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha pakia rafu kwa rafu, kila sanduku lipate namba (S1, S2, S3) na sentensi moja: "S3, droo ya kulia ya meza, juu." Kitu kikiwa ndani ya kingine kibaki humo humo.

Waombe wanafamilia wasipunguze chochote kwa nia njema. Kuna kile kipindi baada ya matanga ambapo vijana wanasafisha chumba, na kinachoonekana ni karatasi chakavu kinachomwa nyuma ya nyumba pamoja na majani ya migomba. Bahati mbaya rasimu hufanana sana na karatasi chakavu. Sema mapema, tena kwa upole: leteni vyote, vya kurudisha tutavirudisha.

Tatu: masanduku yasiingie ghalani moja kwa moja

Yakae kwenye chumba cha pembeni kwa wiki kadhaa, mbali na vitabu. Yafungue, tikisa, tazama pembe: unga wa karatasi, vinyesi vidogo vyeusi, njia za udongo za mchwa, vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula gundi. Usipulize dawa ya mbu wala ya mende juu ya karatasi. Inaacha madoa na inamuumiza msomaji. Dawa ya wadudu ni baridi. Funga karatasi kavu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke kwenye friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uache mfuko ukiwa umefungwa mpaka urudie joto la chumba. Picha, negativu na kaseti zisiingie humo.

Ukungu una namna yake. Ukikuta karatasi zimeota vumbi la kijani au jeusi na bado zina unyevu, usifute. Vaa barakoa, zitandaze kivulini, washa feni isiyozipuliza moja kwa moja, na usubiri zikauke kabisa ndipo upitishe brashi laini. Juani usizianike, wino unapauka na karatasi inajikunja.

Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 ukungu unapata nafasi, na masika ya Machi hadi Mei yanafika hapo bila tabu. Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ina pia ule ubaridi wa Juni na Julai ambapo kuta hazikauki. Pale Lakilaki, nje ya Arusha, kuna jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa mwaka 2016, lenye ghala la kisasa la nyaraka za Mahakama ya Kimbari ya Rwanda. Wewe una dirisha na feni. Basi nunua kipima unyevu, weka rafu za chuma badala ya mbao, ziache nafasi kutoka ukuta wa nje, rafu ya chini iwe juu ya sakafu kwa sentimita 15, na usiweke kitu chini ya bomba la maji.

Nne: vifaa vinavyopatikana mjini

Vitabu vya taaluma vinataka maboksi na majalada yasiyo na tindikali, ambayo yanaagizwa nje kwa bei ya kukatisha tamaa. Kama bajeti ipo, agiza. Kama haipo, karatasi nyeupe ya kawaida ya fotokopi siku hizi mara nyingi hutengenezwa na chokaa ndani yake, kwa hiyo inafaa kutenganishia karatasi moja na nyingine. Kitambaa cha marekani, kikishafuliwa na kukauka, kinafaa kufungia daftari kubwa na kufunikia maboksi. Utepe wa pamba wa mafundi cherehani unafunga vizuri kuliko kamba. Bahasha za kaki na magazeti ya zamani usizitumie kufungia. Zina tindikali na zitageuza rangi ya kilichomo. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo iache dukani, inashika wino.

Andika kwa penseli tu. Ondoa pini na klipu zenye kutu kwa kuzilegeza, si kwa kuzivuta, na vilivyokuwa vimebanwa pamoja vikunje ndani ya karatasi moja nyeupe ili vibaki pamoja. Mpira uliogandana na karatasi ukwanguliwe taratibu. Selotepu mpya isiguse chochote. Glavu za pamba zinazoonekana kwenye filamu zinafanya vidole viwe vizito na kurarua kingo. Mikono iliyooshwa na kukaushwa inatosha, isipokuwa kwa picha na negativu. Karatasi za faksi zile za kung'aa zifotokopi mara moja kwa sababu maandishi yake yanafifia yenyewe.

Tano: orodha ya masanduku, bila kusoma

Sasa pitia kila sanduku na uandike mistari miwili au mitatu: kuna nini, cha miaka gani kwa kukadiria, kwa wingi gani, hali yake ikoje. Usisome. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, mtu anafungua barua moja ya mapenzi ya mwaka 1962 na jioni inaingia. Orodha hii ya kwanza, hata ikiwa ya kurasa nne, tayari inamsaidia mtafiti. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Mark Greene na Dennis Meissner, waliandika kwamba maghala ya nyaraka yamejaa mizigo isiyosomeka kwa sababu watunzaji wanang'ang'ania kusafisha kila karatasi kabla ya kuruhusu yeyote aione. Nakubaliana nao nusu. Kwa karatasi za ofisi wako sahihi kabisa. Kwa rasimu za riwaya, ukurasa kwa ukurasa una maana yake, na hapo ndipo muda wako uende.

Sita: mafungu

Kama mwandishi alikuwa na mpango wake, hata wa ajabu, ufuate. Kama alikuwa akiweka barua za kila mtoto ndani ya kitabu fulani, hilo ndilo fungu. Kama mpango haupo, au umevurugwa na kuhama nyumba, tengeneza mafungu machache yanayofuata shughuli zake: miswada na rasimu, barua, daftari na shajara, kazi za ajira (wengi walikuwa walimu au makarani wa ushirika), picha na sauti, yaliyochapishwa aliyoyakata na kuyatunza. Matano au sita yanatosha. Andika kwenye maelezo kwamba mpangilio huu ni wako, si wake.

Kazi ngumu na tamu kuliko zote ni kuzipanga rasimu kwa mfuatano, maana nyingi hazina tarehe. Ushahidi upo kwenye karatasi yenyewe. Geuza nyuma. Waandishi wa miaka ya shida waliandika juu ya chochote: mitihani ya darasa la saba, fomu za ushirika wa kahawa, taarifa za vikao. Rasimu iliyopigwa nyuma ya fomu ya mwaka 1968 haikuandikwa kabla ya 1968, ingawa inaweza kuwa ya baadaye sana. Anwani yenye neno Tanganyika kwenye kichwa cha barua inaashiria karatasi iliyochapwa kabla ya Muungano wa 1964, japo watu waliendelea kumaliza karatasi za zamani. Mhusika anayelipa kwa shilingi za Afrika Mashariki na anayelipa kwa shilingi ya Tanzania iliyoanza mwaka 1966 wanaweza kutenganisha matoleo mawili ya hadithi ileile.

Tazama taipu. Mashine yenye herufi "a" iliyovunjika mkia itaacha alama ileile kwenye barua zenye tarehe. Ukiipata kwenye barua za 1971 hadi 1974 na kwenye rasimu, una kipindi cha kuanzia. Tofautisha nakala ya juu na nakala ya kaboni: ya kaboni ina kingo za herufi zilizotanda, na mara nyingi ndiyo iliyobaki nyumbani ya juu ikaenda kwa mchapishaji. Angalia namba za kurasa zilizokatwa na kuandikwa upya, majina ya wahusika yanayobadilika, masahihisho ya kalamu kwenye rasimu moja yanayotokea yamepigwa taipu safi kwenye nyingine. Hilo la mwisho ndilo thibitisho bora kuliko yote: lenye masahihisho limetangulia.

Tarehe ulizokadiria ziwekwe kwenye mabano ya mraba, [takriban 1972], na sababu yako kwa maneno machache. Anayekuja baada yako atajua ulikotoka mwaka huo.

Saba: kuandika maelezo

Kiwango cha kimataifa kinachofuatwa, ISAD(G), toleo lake la pili lilichapishwa mwaka 2000, na kina vipengele 26. Usiogope. Sita ndivyo vya lazima: namba ya rejea, jina, aliyezalisha nyaraka, tarehe, ujazo, na ngazi ya maelezo. Anza juu, yaani mkusanyo mzima, ushuke kwenye mafungu, kisha majalada. Uliloandika juu usilirudie chini. Wasifu wa mwandishi unakaa juu mara moja tu, si kwenye kila jalada.

Ingizo la jalada moja, kwa mwandishi wa kubuni, linaweza kuwa hivi:

Namba: TZ/MSH/01/1/7
Jina: [Riwaya isiyo na kichwa kuhusu wachuuzi wa Mbuyuni], rasimu ya pili
Tarehe: [takriban 1971–1974]
Ujazo: jalada 1, kurasa 84
Ngazi: jalada
Lugha: Kiswahili, mazungumzo ya sura ya 3 na ya 5 kwa Kivunjo
Maelezo: Nakala ya kaboni yenye masahihisho kwa kalamu ya bluu. Kurasa 31–36 hazipo. Barua ya mchapishaji ya kukataa imebanwa kwenye ukurasa wa mwisho. Tarehe imekadiriwa kwa taipu inayofanana na barua za jalada 2/4.

Kipengele cha lugha nakisisitiza. Usiandike "Kichagga" ukaishia hapo. Kimachame, Kivunjo na Kirombo si kitu kimoja, na mtafiti wa lugha atakuja kwa ajili hiyo tu. Kama hujui, mpigie mtu wa huko simu, msomee aya moja.

Jina la mwandishi litakusumbua. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, la nyumbani, la ukoo na la kalamu, na akawa ametia saini kwa yote manne. Chagua moja, lile lililo kwenye vitabu vyake vingi, na mengine uyaandikie "tazama". Ukoo peke yake hausaidii mtu: akina Mushi, Massawe na Lyimo ni wengi mno. Ongeza mwaka wa kuzaliwa.

Namba iandikwe kwa penseli kwenye pembe ya juu ya kulia ya jalada, na kwenye boksi. Basi.

Nane: yasiyosomwa leo

Utakuta vyeti vya hospitali, ugomvi wa shamba, barua za binti aliyepata mimba shuleni na ambaye sasa ni bibi wa watu anayeheshimika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana, na hata isingekubana adabu ingekubana. Usitoe wala kuchana kitu. Kiweke kwenye jalada lake, lifunge, na kwenye katalogi andika "limefungwa hadi 2055" pamoja na sababu ya jumla. Tarehe ni ya lazima. Jalada lililoandikwa "siri" bila mwaka halitafunguliwa na yeyote, milele.

Kama marehemu alikuwa mtumishi wa serikali na umekuta majalada ya ofisi yenye mihuri na namba za masijala, hayo si yake wala yako. Ni nyaraka za umma chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Yaorodheshe, uwasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Tisa: kompyuta, flashi na simu

Waandishi wa miaka ya karibuni wanaacha kompyuta mpakato iliyokufa betri na simu yenye nywila anayoijua mjukuu mmoja. Mtafute huyo mjukuu kwanza. Nakili mafaili yote jinsi yalivyo, kwa majina yaleyale hata yakiwa "mpya mpya ya mwisho 3", kabla ya kufungua lolote. Ukifungua na kuhifadhi, tarehe ya faili inabadilika na mfuatano wa rasimu unapotea. Weka nakala tatu, moja nje ya jengo. Sauti za kaseti zihamishwe mapema, maana mashine nzima za kuzichezea zinazidi kuadimika.

Katalogi yenyewe unaweza kuianza kwenye jedwali la kompyuta lenye safu za vile vipengele sita. Siku ukiwa na seva na mtu wa kuitunza, AtoM ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, na jedwali lako litaingia humo bila kuandikwa upya. Chapa nakala ya karatasi pia. Umeme wa kwetu unajulikana.

Kumi: kufungua mlango

Msomaji apewe boksi moja kwa wakati, penseli, meza unayoiona kutoka ulipoketi, na kitabu cha kusaini. Picha za simu ziruhusiwe bila mwako, kwa matumizi ya utafiti. Ruhusa ya kuchapisha aiombe kwa warithi, nawe umpe anwani ya msimamizi ikiwa msimamizi ameridhia.

Nakala ya orodha ipeleke kitengo cha East Africana cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliko makaratasi ya Hans Cory, mtafiti wa mila na desturi wa enzi ya ukoloni. Watafiti wengi huanzia huko, na bila orodha hiyo hawatajua kuna kitu Moshi. Nyingine mpelekee mama nyumbani, iliyochapwa kwa herufi kubwa. Akiisoma na wanawe Desemba, mmoja atasema kuna sanduku jingine kwa shangazi Rombo. Lipokee kama nyongeza, kwa hati yake na tarehe yake, na namba ziendelee pale zilipoishia.